Pangani hadi Likoni kwa Miguu na Mbwa: Shajara ya Hatua ya Kwanza

3 Machi

Ninaanza kuandika shajara hii kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, kwa sababu safari ya namna hii huharibika au kufaulu mezani, wakati bado mtu amevaa kandambili. Lengo ni kutembea kwa miguu na mbwa wangu kutoka mji wa Pangani, mkoani Tanga, hadi Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, tukivuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Kwa hesabu ya ramani ni kama kilomita 215. Nimejiwekea sharti moja tu: mbwa hapandi chombo chochote cha moto. Atafika kwa miguu yake minne au hatafika.

Mbwa anaitwa Bahasha. Ni jike la mbwa koko, umri wake unakaribia miaka mitatu, uzito wake ni kilo 17, na rangi yake ni ileile ya bahasha za kaki za ofisini. Nilimwokota dampo akiwa mdogo, na zipo tabia za dampo ambazo hazijamtoka hadi leo. Nitazieleza zitakapoingia katika kazi.

Watu wawili wameniuliza kwa nini nisianzie Bagamoyo, ili safari iwe na urefu wa kujivunia. Jibu ni Saadani. Mbwa haruhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa za Tanzania, na hata kama angeruhusiwa nisingempitisha pale, kwa sababu ukanda ule una mbung'o, na malale ya mifugo humpata mbwa kwa ukali kuliko anavyofikiri mfugaji wa kawaida: macho huingia ukungu, mwili hukonda, na mara nyingi mwisho wake ni kifo. Kuizunguka hifadhi kwa upande wa Chalinze ni kutembea kando ya malori kwa siku nyingi. Kwa hiyo tunaanzia Pangani, kaskazini ya mto.

12 Machi

Bahasha amechanjwa leo dhidi ya kichaa cha mbwa na kuwekewa chipu chini ya ngozi ya shingo. Chipu ina namba ya tarakimu 15, na namba hiyo ndiyo itakayomtambulisha katika kila karatasi kuanzia sasa. Chanjo nimeifanya mapema kwa makusudi, kwa kuwa kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka na sitaki mjadala wa tarehe mpakani.

Karatasi zinazohitajika ni hizi: kadi ya chanjo, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, kibali cha kumtoa mnyama Tanzania, na kibali cha kumwingiza Kenya, ambacho huombwa kwa Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, Nairobi. Mimi binafsi navuka kwa hati ya kusafiria peke yake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mbwa ana mafaili mengi kuliko mwenye mbwa, na sioni ubaya wake: kichaa cha mbwa bado kinaua watu vijijini kwetu, na wengi wao ni watoto.

20 Aprili

Nimetumia jioni kadhaa kufuatilia safari ya Mmarekani Tom Turcich, aliyeondoka kwao New Jersey tarehe 2 Aprili 2015 na kurudi tarehe 21 Mei 2022 baada ya kuizunguka dunia kwa miguu, sehemu kubwa akiwa na mbwa jike aitwaye Savannah, aliyemchukua Austin, Texas, katika miezi ya mwanzo. Ni kama kilomita 45,000 na nchi 38. Mizigo yake aliisukuma katika kigari cha magurudumu matatu kama kile cha kubebea mtoto, na mimi wazo hilo nimelichukua lilivyo: fundi wa baiskeli barabara ya nane ananitengenezea kigari chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, chenye kivuli cha turubai ambacho Bahasha anaweza kulala chini yake tukisimama.

Jambo lililonikalia kichwani ni jingine. Bara letu Turcich alilipita kaskazini tu: Morocco, Algeria na Tunisia. Watu wa huko ni Waislamu kama watu wa pwani hii, lakini wanafuata madhehebu ya Imamu Malik, ambayo kwayo mwili wa mbwa si najisi. Sisi huku ni Mashafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito: akilamba chombo, huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo uzoefu wa Savannah haunisaidii katika swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko umbali, yaani nitalala wapi, nitachota maji kwa chombo gani, na nitapita vipi uani kwa mtu anayejiandaa kwa sala bila kumtia tabu ya kujitoharisha na kufua kanzu. Nimekwenda kwa shehe wa mtaani kwetu kumuuliza. Akanikumbusha kwamba kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, kwamba mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Kurani bila kubezwa, kisha akaniuliza kama nina hakika ya akili yangu.

Matokeo ya kikao hicho ni utaratibu: Bahasha atakuwa na vyombo vyake, vya rangi nyekundu, visivyochanganyika na vya watu, kamba yake itakuwa fupi ya mita moja na nusu tukiingia kijijini, na hatakaribia kisima, nitamletea maji.

8 Juni

Majaribio ya viatu. Fundi wa makatambuga sokoni alivutiwa na kazi hii kuliko nilivyotarajia, akapima miguu minne kwa uzi na kukata soli kutoka tairi la pikipiki, na mikanda kutoka tyubu. Kazi safi kabisa. Bahasha alitembea navyo kama kuku aliyekanyaga gundi kwa mita 200 za mwanzo, kisha akazoea. Baada ya kilomita 4 nilivivua na kukuta unyevu ndani, na ngozi karibu na kidole cha juu, kile kisichogusa ardhi, imeanza kuchubuka. Mbwa hutoka jasho kupitia nyayo tu. Ukizifunga kwa mpira unazichemsha. Makatambuga yatabaki kigarini kwa dharura ya jeraha, na nyayo zitakomaa kwa kutembea wiki hadi wiki, kilomita 5, kisha 8, kisha 12.

Kipimo cha lami ni kile cha kiganja: naweka nyuma ya mkono juu ya barabara, nahesabu hadi saba. Nikishindwa kufika saba, mbwa hapiti. Saa sita mchana, hata Juni hii yenye baridi yetu ya pwani, nimeshindwa kufika nne.

1 Julai

Ratiba imekamilika. Tutatembea kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni hadi kabla ya magharibi. Nimechagua Julai kwa kuwa masika yamekwisha na vuli bado, na nimechagua kwenda kaskazini kwa sababu kusi inavuma na itatusukuma mgongoni, kama zilivyokuwa zikisafiri jahazi. Siku 16 za kutembea, mbili za kupumzika. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita na hana la kufanya, atafuatana nasi kwa baiskeli akiwa na madumu ya maji.

6 hadi 9 Julai: Pangani hadi Tanga

Tumeingia Tanga mjini baada ya siku nne na kilomita 54. Kigombe tulilala katika uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Tongoni tulipumzika karibu na magofu, chini ya mbuyu, Bahasha akiwa amefungwa nje ya uzio wa makaburi kwa heshima ya waliolala mle.

Sehemu ndefu ya njia hii inapita katika mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta mwaka 1893, na miche ya mwanzo ilistawishwa hukuhuku Pangani. Mtu huliona shamba la mkonge kuwa zuri akiwa ndani ya basi. Kwa mbwa, ncha ya jani iko usawa wa jicho, na mara mbili nilimvuta Bahasha akiwa anafukuza panya kati ya mistari. Kuanzia sasa, penye mkonge, kamba ni fupi kama kijijini.

Nikiri kosa la kupanga. Kusi mgongoni ni neema kwa chombo chenye tanga, na mimi nilipanga kama nahodha nikasahau kwamba mbwa hana tanga. Mbwa hujipoza kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi uliolowa, maji yanageuka mvuke, joto linaondoka. Upepo unaotoka nyuma kwa mwendo unaokaribia wa kwetu unafanya hewa inayomzunguka isimame kabisa, na ukijumlisha unyevu wa pwani, mvuke hauna pa kwenda. Jioni ya tarehe 7 Bahasha alihema kwa dakika 25 baada ya kusimama, ingawa joto halikuzidi nyuzi 28. Nimeandika kanuni mpya: akihema kwa mdomo wazi zaidi ya dakika kumi kivulini, siku hiyo imekwisha, hata kama tumetembea kilomita 6 tu. Kanuni hii ndiyo iliyoivunja ratiba yangu, na sijuti. Tumbo, makwapa na nyayo tunavilowesha kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na tunasimama mahali panapopata upepo wa ubavu.

Maji anayokunywa kwa siku nimeyapima: kati ya lita 2.4 na 2.8, wakati nyumbani hayafiki hata lita moja. Chakula ni ugali wa dona na dagaa, pamoja na yai siku za kilomita nyingi.

10 hadi 12 Julai: Tanga mjini

Tumepumzika. Kupe 11 walitolewa, wote wakiwa wamekufa, maana yake kidonge cha kuua kupe kimefanya kazi. Daktari amemkagua na kutoa cheti cha afya. Nikakitia kwenye mfuko wa nailoni bila kukisoma neno kwa neno.

13 hadi 17 Julai: Tanga hadi Horohoro

Kilomita 65 za lami nzuri yenye bega pana la udongo, na Bahasha ametembea karibu yote juu ya udongo. Baada ya Amboni magari yanapungua. Tatizo la hapa ni mbwa wa watu.

Kila kijiji kina kundi lake, na kila kundi linajua mpaka wake kuliko sisi tunavyoijua mipaka ya mataifa. Wanakuja watatu au wanne, wanabweka, mkubwa wao anatangulia. Kila mtu aliyekulia Afrika Mashariki anajua dawa yake: unainama kama unayeokota jiwe, hata kama hakuna jiwe, nao wanatawanyika. Nilifanya hivyo mara ya kwanza katika kijiji kimoja baada ya Amboni. Mbwa wa kijiji walikimbia kama kawaida, lakini Bahasha, ambaye utotoni alirushiwa mawe mengi kuliko mifupa, alijilaza chini akabana mkia, akakojoa palepale. Alikataa kusogea kwa nusu saa. Tangu siku hiyo siinami hata kufunga kamba ya kiatu mbele yake. Nakaa chini kwanza. Badala ya jiwe, mpwa wangu huikingamiza baiskeli kati yetu na kundi, anapiga kengele, na tunapita taratibu bila kuwatazama machoni. Njia hii imefaulu kila mara isipokuwa moja, ambapo baiskeli iling'atwa.

18 hadi 20 Julai: Horohoro

Siku tatu za kusimama, na kosa si la mpaka. Kituo hiki ni cha huduma za pamoja, unakamilisha kutoka na kuingia katika jengo moja la nchi unayoingia, na ofisa wa mifugo aliyetuhudumia alikuwa mpole na makini. Umakini wake ndio uliotusimamisha. Aliiweka kadi ya chanjo kando ya cheti cha afya, akapitisha kalamu juu ya namba ya chipu tarakimu baada ya tarakimu, akasimama kwenye ya kumi na mbili. Kadi ilisema 9; cheti kilisema 6.

“Kwa karatasi hizi, mwalimu, una mbwa wawili,” aliniambia, “na mmoja wao hajachanjwa.”

Sikuwa na la kubishana. Zahanati iliyoandika cheti ilikosea, na mimi nilikuwa na siku nzima ya kukisoma sikukisoma. Nilimwacha mpwa na Bahasha kwa mama mmoja muuza chapati aliyekubali watumie kibanda cha nyuma, nikapanda basi kurudi Tanga. Sharti la mradi linamhusu mbwa, halinihusu mimi, ingawa kuziona kilomita 65 za siku tano zikipita dirishani kwa saa moja na ushei kuliniuma kidogo. Kesho yake ilikuwa siku isiyo ya kazi kwa mwenye muhuri. Nilirudi tarehe 20 jioni na cheti kipya.

Mpwa alikuwa ametumia muda huo vizuri kuliko mimi. Watoto wa pale waliokuwa wakimkimbia Bahasha siku ya kwanza walikuwa wameshajua kwamba akiambiwa “mkono” anatoa wa kushoto tu.

21 hadi 24 Julai: Lunga Lunga hadi Msambweni

Tumevuka tarehe 21 asubuhi. Kwenye daraja la mto Umba, Bahasha aliogopa sauti ya maji na ilibidi tungoje malori yapungue ili apite katikati.

Upande wa Kwale watu wanauliza maswali mengi zaidi, na swali la kwanza daima ni kama anauma, la pili ni kama ninauza. Hapa ruhusa ya kulala tunaiomba kwa mzee wa mtaa, naye akipenda humpigia chifu. Hatujanyimwa, ila mara moja tulielekezwa nje ya kijiji kwa adabu kubwa, pamoja na sahani ya mihogo.

Tarehe 23, kabla ya Ramisi, madumu yalikauka mapema kwa sababu moja lilitoboka. Tulikuta nyumba yenye kisima uani, mzee amekaa barazani anasuka makuti. Nilisimama mbali, kamba nimeifupisha hadi kiganjani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huyo ana kiu.”

Nikamwambia tunaomba maji ya dumu tu, vyombo vya mbwa tunavyo. Hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kifuu cha nazi kilichokwanguliwa, akakiweka chini karibu na mguu wangu. Akachota kisimani kwa kata yenye mpini mrefu, akasimama hatua mbili kutoka Bahasha, na kuyamimina kutoka juu, uzi mwembamba wa maji ulioanguka ndani ya kifuu bila tone kurukia kanzu yake wala kata kukaribia ulimi. Alirudia mara nne, bila haraka. Bahasha alikunywa, akapiga chafya, akanywa tena.

“Tumesomeshwa kwamba kuna mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa,” alisema, akiirudisha kata juu ya ukingo wa kisima. “Kifuu nenda nacho.”

Niliyoyapanga mwezi wa Aprili kwa vyombo vyekundu na vikao na shehe, mzee huyu aliyatatua kwa kata ndefu na kifuu ambacho kesho angekitia jikoni kama kuni. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye nyumba naonyesha kifuu kwanza kabla ya kusema lolote, na watu wanaelewa mara moja.

25 Julai tulipumzika Msambweni. Mkato mdogo katika kitakia cha mguu wa nyuma kulia, umesafishwa kwa maji ya chumvi. Katambuga moja limepata kazi yake hatimaye.

26 hadi 29 Julai: Msambweni hadi Likoni

Gazi, Ukunda, Tiwi, Likoni. Kuanzia Ukunda barabara ina matatu na bodaboda nyingi, na bega la barabara limegeuzwa soko, kwa hiyo tulitembea alfajiri tu. Sina mengi ya kusema kuhusu siku hizi isipokuwa kwamba zilikuwa za kuchosha, na kwamba Bahasha amejifunza kukaa upande wa kushoto wa kigari bila kuambiwa.

Tulifika juu ya mteremko wa kivuko tarehe 29, saa mbili kasoro asubuhi, umati wa wafanyakazi ukiwa umeziba njia yote kuelekea kwenye feri. Sikushuka nao, mbwa katikati ya umati ule angekanyagwa, na watu wanakwenda kazini wakiwa na nguo safi. Mradi ulikuwa umeandikwa Likoni, na Likoni tulikuwa tumefika.

Hesabu ya mwisho kwa kipimo cha simu: kilomita 218, siku 17 za kutembea ndani ya siku 24, wastani wa chini kidogo ya kilomita 13 kwa siku. Nilikuwa nimepanga siku 18 kwa jumla. Bahasha ameshuka kutoka kilo 17.2 hadi 16.4. Mimi nimeshuka zaidi.

2 Agosti

Hatua ya pili niliyokuwa nimeichora, kutoka Mombasa kwenda Voi, kisha Taveta, kuvuka Holili hadi Moshi, nimeisimamisha. Barabara ya Voi hadi Taveta ina kipande kinachokatiza hifadhi ya Tsavo Magharibi, yenye simba na tembo, na hapo mtu wala mbwa hatembei kwa miguu. Sharti la mbwa kutopanda chombo cha moto litabidi livunjwe kwa kipande hicho, au njia ibadilishwe kabisa ipite Lushoto na kubaki Tanzania, ambapo haitakuwa tena safari ya kuvuka nchi. Mpwa anasema tumpakie kwenye lori kwa kilomita hizo na tuandike ukweli. Nadhani yuko sahihi, lakini sijaandika kibali.

Kwa sasa kazi ni kurudi nyumbani kwa gari la kukodi, na safari hii karatasi zinageuka: cheti cha afya kutoka kwa daktari wa upande wa Kenya, kibali cha kuingiza mbwa Tanzania. Cheti kimetoka leo mchana. Tulikaa kivulini nje ya ofisi, mpwa ameshika kadi ya chanjo na mimi nimeshika cheti, yeye anasoma tarakimu moja, mimi naitikia, hadi ya kumi na tano, mara tatu, huku Bahasha amelala kati yetu na pua yake ndani ya kifuu.